Picha ya Ubavu wa Kushoto

Tonton Anaclet alizikwa Jumamosi, na kila aliyesimama kumsemea alisema alikuwa mtu mpole. Ni kweli. Sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti, si kwa mke wake, si kwa majirani, si kwa mbwa. Nilikaa pale uani, mtaa wa Kikula, Likasi, chini ya turubai, nimefunga kitenge cha kilio kama wenzangu, naitikia amina palipohitaji amina, na moyoni nilikuwa nimekasirika kama msichana wa miaka kumi na tisa. Upole wake mimi naujua kwa upande mwingine. Niliishi naye mwaka mzima katika nyumba ile, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilikuwa nimefungiwa, na yeye, mpole, alikuwa na ufunguo wa akiba katika mfuko wa ovaroli yake. Hakuutumia. Watu wa Lubumbashi wanaonijua kwa kazi ya kuandika vibao na kuchora kuta za maduka hunitania kwamba karakana yangu haina mlango. Mlango upo. Siufungi tu, hata mvua ikipiga kwa ubavu, na wateja wangu wamezoea kukanyaga maji.

Chumba chenyewe bado kipo, nyuma ya nyumba, kimeegemea jiko la nje. Binamu mmoja alinionyesha kwa kidole, akasema kwa nia njema kabisa kwamba wamenitandikia godoro kule kwa sababu nilikuwa nimekizoea. Nikamwambia nitakaa barazani na akina mama, kiuno kikiuma kiume. Lakini mchana niliingia kidogo. Siku hizi wanaweka humo magunia ya makaa na viti vilivyovunjika. Dirisha ni lilelile dogo lenye nondo, linatazama ukuta wa jirani, na kati ya nondo na ukuta kuna nafasi ya kupitisha mkono. Nikapitisha mkono. Bado unagusa ukuta. Sakafuni yamebaki matone ya buluu, buluu niliyokuwa naichanganya mwenyewe kwa rangi nyeupe ya mafuta na unga wa buluu wa kufulia nguo, na hakuna aliyeweza kuyaondoa miaka yote hii. Nilisimama nikiyatazama, mguu mmoja ndani na mmoja nje, halafu nikatoka kwenda kunywa maji.

Nilifikaje nyumbani kwa mjomba huyo na mkewe, Tantine Béa, mtoto wa nani na kwa nini, sitasimulia. Ndugu zangu wanajua na msomaji hapotezi kitu. Ninachotaka kusema ni ndoto. Asubuhi moja ya kiangazi, nikichovya mkate katika chai, nilisema mezani kwamba nimeota naogelea katika maji mengi na sichoki. Katika nyumba nyingine wangecheka, wangeniuliza nilimwona samaki gani. Mle ndani vijiko vilisimama. Binti yao wa pekee, Nadège, alikuwa amekufa maji katika ziwa Tshangalele, mtumbwi ulipopinduka walipokwenda matembezi na wanakwaya wenzake. Mwili ulipatikana, ukazikwa, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa mezani. Mimi nilikuwa na umri karibu na wake. Tena nilikuwa nimewakataa wachumba wawili, mmoja kwa sababu alikuwa anacheka vibaya, na jambo hilo lilikuwa limeshaandaliwa vizuri na majirani kabla ya ndoto yangu kufika.

Mama Yvonne, aliyeongoza kikundi cha maombi pale mtaani, aliitwa siku hiyohiyo. Alinisikiliza, akafumba macho, akasema maji hayajashiba. Sisi kule kila mtu anamjua Mamba Muntu. Hata wale wanaomwombea mabaya sasa, zamani walikuwa na picha yake sebuleni: mwanamke mzuri, mweupe, nywele hadi kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda chini ni samaki, nyoka shingoni, kioo mkononi. Anawaita watu, wanaingia majini, hawatoki. Mama Yvonne alisema amemchukua wa kwanza na sasa anamchumbia wa pili, ndiyo maana wa pili anakataa waume wa nchi kavu. Basi nikapewa masharti. Nisile samaki. Nisijitazame kwenye kioo kwa muda mrefu. Nisivuke maji yoyote. Nisitoke nje ya geti isipokuwa kwenda maombi na Tantine, mpaka nitakapoachiliwa, na atakayejua kwamba nimeachiliwa ni Mama Yvonne.

Nilikuwa nimekubaliwa shule ya sanaa Lubumbashi. Masomo yalikuwa yaanze mvua zikianza, na barabara ya Lubumbashi inavuka mto Lufira. Nililia, nikaeleza, nikasema daraja ni la zege na gari halilowi. Tantine alinijibu kwamba hata mtumbwi wa Nadège haukuwa umelowa walipoanza safari. Shule ilisema itanitunzia nafasi hadi mwaka unaofuata, zaidi ya hapo hapana. Nikawa na mwaka mmoja wa kutoka ndani ya ule ua, na sikuwa na njia hata moja.

Mashine ndizo zilizoniokoa nisiwe mwendawazimu. Tonton Anaclet alikuwa fundi umeme mstaafu, na mwenye hoteli mmoja wa Lubumbashi alikuwa amemletea mashine nne za mchezo, zile kubwa za kusimama, zenye kioo cha televisheni na vitufe na usukani mdogo kama kirungu, zilizokuwa katika klabu ya wazungu wa migodi enzi zile. Klabu ilishafungwa siku nyingi, kuku walikuwa wanataga ndani yake. Alitaka zifufuliwe ziwekwe hotelini kwake zikiwa na sura yake ya mwanzo, picha zote mahali pake. Tonton aliziita bajeu. Alizifungua migongo, akazitoa utumbo wa nyaya, akawa anazungumza nazo taratibu kuliko alivyozungumza na sisi. Mchwa walikuwa wamekula miguu ya zote nne. Tulikata mbao zilizooza, tukaunga mpya, tukaziba matundu kwa vumbi la msumeno lililokorogwa na gundi, tukapiga msasa mpaka kiganja kikaona ni ubao mmoja. Nilipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza, na nilichukia kwamba naipendea gerezani.

Picha zikawa zangu. Hakuna mwingine aliyejua kuchora, na mimi nilijua kwa njia ya nguo: nilifundishwa na masista kudarizi vitambaa vya meza. Unachora ua lako kwenye karatasi, unalitoboa kwa sindano mstari wote, unalaza karatasi juu ya kitambaa, halafu unapigapiga kwa kifuko cha mkaa uliosagwa. Ukiinua karatasi, ua limebaki kwa nukta nyeusi. Mbao zilikubali sawasawa na kitambaa. Na kwa kuwa mashine ina mbavu mbili, picha ya kulia ikitazama kushoto, ya kushoto inatazama kulia, nilikuwa nageuza tu karatasi ileile na kupiga mkaa upande wa pili. Kioo cha juu chenye jina la mchezo ndicho kilichonipa shida, maana kinachorwa kwa nyuma. Pale unaanza na kilicho mbele ya vyote, ule mng'ao mdogo ndani ya jicho, halafu jicho, halafu uso, na anga unalimalizia mwisho kabisa. Ukikosea mwanzo hakuna kufunika. Nilijifunza kusubiri malori ya mawe ya machimbo ya Kakontwe yapite kwanza, kwa sababu yaliacha vumbi jeupe juu ya kila kitu kibichi. Na umeme ulikatika wakati wowote. Unatoka bwawa la Koni, hapo karibu tu, lakini ujirani huo haukutusaidia chochote.

Chakula nakikumbuka kuliko maombi. Walikula bukari, ugali wetu, na samaki wa Tshangalele, wabichi wa nyanya au wakavu wa karanga, na mimi niliwekewa kando sahani ya maharage au mboga ya lengalenga. Tantine alininawisha mikono mwenyewe, akanipa vipande vizuri vya bukari, vya katikati, ambavyo havijashika chungu. Hakuwa mkatili, ningekuwa na nafuu kama angekuwa mkatili. Nilikaa nikinusa samaki, na Tonton alikula haraka, macho kwenye sahani, kama mtu aliyeiba. Alhamisi akina mama wa maombi walikuja, na walipopika chai jikoni, kupitia bati lililotenganisha chumba cha nyuma na jiko niliwasikia wakinizungumzia. Mmoja alisema nimekonda. Mwingine akasema hapana, anang'aa ngozi, hiyo ndiyo dalili. Wakakubaliana kwa yote mawili. Tonton, akiwasikia, aliongeza sauti ya redio, na hilo ndilo jambo kubwa alilonifanyia mwaka ule. Siku moja nilimwambia wazi kwamba amwambie mke wake aniache niende. Alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea nyaya, akasubiri kipoe kabisa ndipo akanijibu.

"Tumika tu, Godé," alisema, yaani nifanye kazi. "Muntu akitumika, siku inapita."

Zilipita, kweli. Mashine tatu zilikamilika, moja ya magari, moja ya ndege, moja ya nyani na ngazi. Ikabaki ya nne. Vijana wa zamani walioruhusiwa kuingia klabu kufagia waliiita Mwanamke wa Maji, na Tonton hakuthubutu kulitaja jina hilo ndani ya nyumba. Ubavu wake wa kulia alikuwa ameshausugua yeye mwenyewe kwa soda na brashi ya chuma kabla sijaanza kazi, akabakiza buluu kidogo na kipande cha mstari uliopinda. Ubavu wa kushoto ulikuwa umebanwa na ukuta, umepakwa kijani kizito juu ya nyeusi, na mashine ilikuwa nzito. Hatukuihangaisha. Tuliuliza watu badala yake. Papa Donatien, aliyehudumu baa ya klabu miaka mingi, alikuja akaketi juu ya ndoo na kunieleza kama anayesoma. "Minye njo nilikuwa naipanguza kila asubui," alisema. "Nyoka iko mu shingo, kioo iko mu mukono, na huku chini ni samaki. Minaiona vile minaona weye." Tonton naye alikubali, nyoka alikuwepo, anamkumbuka. Fundi seremala wa jirani aliongeza kitana. Hakuna aliyepingana na mwenzake, na mtu wa miaka kumi na tisa akisikia wazee watatu wanasema kitu kimoja anachora kitu hicho.

Nilimchora vizuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nilimpenda. Nilitoboa karatasi yangu, nikapiga mkaa, nikampa magamba moja moja, nywele zinazoelea, nyoka wa kijani mwenye subira usoni. Mstari uliopinda ulioachwa na Tonton ulikaa sawasawa kwenye mgongo wa yule nyoka, nikaona huo ni ushahidi. Mlango ulikuwa wazi rangi ikauke. Tantine Béa alikuja na chai, akasimama kizingitini. Hakupiga kelele. Aliiweka chai chini polepole, akaniuliza nani alinionyesha huyu. Nikasema Papa Donatien.

"Donatien hajue kuchora," alisema. "Ni weye njo unamujua."

Siku hiyo alinunua kadena, yaani kufuli. Mpaka hapo kifungo changu kilikuwa ua mzima, na ndani ya ua kulikuwa na kamba ya nguo, mpapai, jua, sauti za watu barabarani. Sasa kikawa chumba. Asubuhi alinifungulia nikaoge, mchana akaleta sahani, na kati ya hapo kufuli lilining'inia upande wa nje na nililisikia likigonga bati kila upepo ulipovuma. Nilipewa rangi nyeusi nimfute yule mwanamke kwa mkono wangu mwenyewe, na nikamfuta, nalia kwa hasira, makamasi yakichanganyika na rangi. Tonton alihamishia kazi yake barazani. Alichukua vioo na nyaya akaniachia miili ya mbao, akisema barazani kuna mwanga. Niliamini basi, na naamini mpaka leo, kwamba hakupenda kukaa ndani ya chumba ambacho mlango wake hufungwa na mtu mwingine. Alikuja dirishani mara mojamoja kunipitishia msasa kati ya nondo. Mfukoni mwake ule ufunguo wa akiba ulikuwa unagongana na bisibisi. Nilikuwa naujua kwa mlio.

Joto la kabla ya mvua katika chumba cha bati halielezeki kwa mtu asiyelijua. Nilivua karibu kila kitu, nikalala sakafuni, nikahesabu makosa yangu nikaona siyo mengi kiasi hicho. Niliwaza kupiga kelele, lakini majirani wote walijua niko ndani na kwa nini, na wengi wao walikuwa wananiombea. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kufuli. Katika mji mzima wa Likasi hakukuwa na mtu mmoja aliyenitakia mabaya, na kwa hiyo hakukuwa na wa kumkimbilia. Mvua zilikuwa zinakaribia, na nafasi yangu ya shule nayo ilikuwa inakwisha. Nilianza kufanya kazi kwa sababu hakukuwa na kingine mle ndani cha kunishughulisha isipokuwa mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajichosha.

Niliisukuma ile mashine ya nne kona baada ya kona mpaka ubavu wa kushoto ukatazama dirisha. Sikuwa na soda, Tantine aliondoa kila kitu chenye sumu, kwa hiyo nilitumia maji ya moto niliyoletewa ya kuogea, matambara, na kijiko cha chuma nilichokinoa sakafuni. Nilibandika tambara, nikasubiri, nikakwarua kijani. Chini yake nyeusi, nikakwarua nyeusi. Siku ya kwanza nilipata eneo la kutosha kiganja. Ilikuwa buluu, na ndani ya buluu ncha ya mkia. Nikaacha kijiko. Nitasema kweli: niliogopa, nikafikiri pengine Mama Yvonne ana haki na huyu mwanamke ananitaka. Nikakaa kona ya mbali nikimtazama mpaka nikachoka kuogopa, halafu nikaendelea. Mkia ulikuwa na kisigino. Nilifikiri nimekosea, nikapangusa, nikaleta uso karibu. Kisigino, na kifundo cha mguu, na ukanda wa kufungia. Kilikuwa kiatu, kile kipana cha kupigia maji, na pembeni yake cha pili. Siku zilizofuata nilipanda naye taratibu: miguu miwili ya mtu, suruali nzito, mkanda wa vyuma kiunoni. Mkononi hakuwa na kioo, alikuwa na taa. Kioo kilikuwa kichwani, duara, kimezingirwa na shaba, dirisha la kofia kubwa iliyomfunika mpaka mabegani. Na nyoka, yule nyoka aliyeapiwa na wazee watatu, alitoka nyuma ya kofia, akapanda, akapinda mara moja, akaenda kutoka juu ya ubao kuelekea mahali penye hewa. Lilikuwa bomba.

Nilicheka peke yangu mpaka Tonton akaja dirishani kuuliza kama mimi ni mzima. Walimpanguza kila asubuhi, wakamwona kila siku, na wote walimwona yule waliyekuwa naye sebuleni kwao. Na mimi, niliyeteswa kwa ajili yake, nilimchora hivyohivyo. Kitu kimoja hakikubaki. Ndani ya lile dirisha la duara hakukuwa na uso. Hapo picha ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye mbao, pengine kwa msumari, pengine na mtu aliyetaka asitazamwe.

Tantine aliingia mchana na sahani, akamkuta amesimama pale, mzima kutoka viatu hadi bomba. Nilitegemea aniambie nichukue nyeusi. Alibaki na sahani mikononi.

"Huyu ni nani?"

"Ni muntu anaingia mu maji kutumika, tantine."

"Na ile nyoka?"

"Haiko nyoka. Ni tiyo. Hewa inapita mule, anapumua. Akimaliza kazi, banamuvuta huku juu, anarudia."

Alikaa kizingitini, sahani mapajani. Bukari ilipoa. Aliufuata ule mstari wa bomba kwa macho kutoka kofia hadi ukingoni mwa ubao na kurudi tena, akaniuliza kama kweli huyo mtu, kule chini kabisa, anapumua. Nikamwambia anapumua. Akauliza mbona hana uso. Nikamwambia umepotea na sijui ulikuwaje. Nikasikia redio ya Tonton barazani, wanatangaza vifo.

"Umuweke Nadège," alisema.

Hakufunga mlango alipotoka. Alirudi na picha ya Nadège ya komunyo, ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba, na akakaa tena palepale. Hivyo ndivyo mlango ulivyoanza kubaki wazi: si kwa sababu nilikuwa huru, ila kwa sababu yeye ndiye alikuwa amekikalia kizingiti. Nilichora na yeye akizungumza. Picha ilikuwa ya mtoto na mimi nilihitaji msichana, kwa hiyo alinieleza yaliyobaki. Kwamba nyusi zilikaribia kukutana. Kwamba juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu la kuangukia mtungi. Kwamba alikuwa anaimba vibaya, kwaya ilimchukua kwa huruma, na alikuwa anajua, na aliimba kwa nguvu hivyohivyo. Alikuwa anakula unga mbichi kwa siri na kukana huku midomo ni myeupe. Alicheka alipolisema hilo, nami nikacheka, halafu akalia, na mimi nikaendelea kuchanganya kahawia kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa bado namchukia kidogo. Mtu anaweza kumhurumia mtu na kumchukia ndani ya saa moja, nilijifunza pale.

Uso ulipokamilika nilitoboa karatasi, nikaigeuza, nikampiga vumbi jeupe badala ya mkaa ubavu wa kulia, juu ya nyeusi iliyomfunika Mamba Muntu. Tantine aliona kovu limehamia nyusi ya kulia, nikaanza kujieleza kwamba ndivyo karatasi inavyogeuka, naweza kurekebisha. Akanikataza.

"Huku njo vile shiye tulikuwa tunamuona," alisema, akagusa kushoto. Akazunguka. "Na huku njo vile yeye alikuwa anajiona mu kioo."

Mama Yvonne alipata habari, maana Kikula hakuna habari inayopotea. Alikuja Alhamisi kabla ya wenzake, akatazama picha, na kwa haki yake niseme alitazama kwa makini. Akasema viatu ni viatu, sawa, lakini mwanamke bado yumo majini, na mtoto bado hajaachiliwa, yeye atasema siku ikifika. Tantine alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuuweka ungo chini.

"Minye njo nilimufunga," alisema. "Minye njo nitamufungula."

Gari la mwenye hoteli lilikuja mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku na barabara inanuka vizuri. Wanaume walipakia mashine, wakaifunga ya nne mwisho, Nadège akitazama nje. Tonton alikagua kamba, akakagua tena. Tantine alitoka na begi langu, ambalo sikuwa nimelifunga, na akaniambia mbele ya watu kwamba mashine inakwenda Lubumbashi na rangi bado mbichi na njia ni mbovu, na mtoto wake hawezi kwenda peke yake. Hakuniambia nimesamehewa wala hakuomba msamaha. Alinipa kifurushi cha jani la mgomba, cha moto, akasema nile. Nilikifungua garini, tulipolikaribia daraja la Lufira. Alikuwa samaki wa Tshangalele, wa karanga. Nilimla kwa vidole, na miiba, nikilia hovyo, na dereva akadhani nimefiwa.

Hoteli ile ilibadilisha mikono, mashine tatu zikapotea, ya nne nikaiomba nikapewa. Imesimama karakanani kwangu, karibu na ule mlango nisioufunga. Kioo chake kimekufa siku nyingi, hakuna anayeweza kuicheza, lakini mvua zikikaribia nampangusa vumbi na kumrudishia rangi palipochujuka, kofia, bomba, nyusi. Tantine Béa hakuwahi kuja kumwona. Miaka yote hii hakuvuka Lufira. Nilipokuwa nakuja Likasi aliniuliza afya, kazi, watoto, na kabla sijaondoka aliuliza kwa sauti ndogo kama Nadège anapumua, nami nikasema anapumua, na tukaishia hapo.

Safari hii, matanga yalipokwisha na viti vya kukodi viliporudishwa, alinikuta nafunga begi. Ni mzee sasa, kiuno kimepinda, na nyumba nzima imebaki kwake na kwa magunia ya makaa. Niliuliza kama anataka nimletee kitu mwezi ujao. Akasema yeye anakwenda na mimi. Alikuwa ameshavaa viatu.

Tulikaa nyuma ya gari, mimi dirishani kwa sababu lazima niwe dirishani. Tulipolikaribia daraja nilimwambia tumefika Lufira, kwa sababu nilitaka ajue, na labda kwa sababu sehemu yangu moja ya miaka kumi na tisa ilitaka aogope kidogo. Akanishika mkono, akafumba macho. Magurudumu yakabadilisha sauti, maji yalikuwa mengi chini yetu na ya rangi ya chai. Halafu sauti ikarudi kuwa ya barabara. Nikamwambia, tantine, tumeshapita. Akaachia pumzi, ndefu, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameibana.